Klachi Inayoteleza: Tuanze kwenye Mkono, Tusianze kwenye Pleti

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kufika. Mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi, na nitaanzia huko huko, kwa sababu bado naletewa pikipiki zilizofunguliwa injini, zikawekwa pleti mpya, springi mpya na gasketi mpya, oili nzuri ikatiwa, na bado klachi inateleza, yaani injini inalia lakini nguvu haifiki yote kwenye gurudumu. Nashika mkono wa klachi, nakuta hauna ulegevu hata kidogo, ule mwendo mwepesi wa mwanzo kabla haujaanza kuvuta. Kebo imekazwa mpaka mwisho. Mwenye chombo amelipia kazi kubwa ya ndani wakati ugonjwa ulikuwa nje, kwenye skrubu inayozungushwa kwa vidole viwili. Jambo hili linaniuma, na nitalisema mpaka lieleweke.

Klachi sitaieleza upya. Pleti za kitambaa na pleti za chuma zinapangwa kwa zamu, springi zinazikandamiza, ukivuta mkono zinaachana. Mnaijua. Ninachowaomba mkishike ni kwamba springi hazikandamizi sawasawa mpaka kebo iziachie kabisa. Mkono ukikosa ulegevu, kebo inaendelea kuvuta hata kama hujaugusa mkono. Ni sawa na dereva wa gari anayeegemeza mguu kwenye pedali ya klachi safari nzima. Pleti zinabanwa nusunusu, zinasuguana, zinapata moto, kitambaa kinaliwa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mafundi wazuri kabisa wanapoteleza pamoja na klachi yenyewe. Kwenye breki ya ngoma, kitambaa kikiliwa mkono unalegea, nawe unakaza. Tumezoea hivyo tangu siku ya kwanza. Klachi inakwenda kinyume. Kitambaa kikiliwa, rundo zima la pleti linapungua unene, presha pleti, ile inayobanwa na springi juu ya rundo, inaingia ndani zaidi na kukikaribia kile kifimbo kinachoisukuma. Nafasi iliyokuwepo kati yao inakwisha. Maana yake klachi inavyochakaa ndivyo ulegevu wa mkono unavyopotea wenyewe, bila mtu kugusa spana. Halafu ikianza kuteleza, mtu anafanya nini? Anakaza kebo! Anaimaliza kabisa klachi ambayo ingeendelea kufanya kazi muda mrefu tu.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, "Lakini kebo hurefuka." Hurefuka, kweli. Kebo mpya inanyooka mwanzoni, na nyuzi zikianza kukatika inarefuka vibaya. Aliyeikaza siku zile alifanya sawa. Tatizo ni kuondoka hapo ukiamini kwamba dawa ya klachi siku zote ni kukaza. Pima kwanza. Hakuna njia ya mkato.

Kupima kwenyewe ni hivi. Sukuma mkono kwa kidole kimoja, usiukamate kwa kiganja. Mwanzoni unakwenda mwepesi, haupingi. Kisha unafika mahali unakuwa mzito ghafla: hapo ndipo unapoanza kuzisukuma springi. Ule mwendo mwepesi, ukiupima kwenye ncha ya mkono, kwa pikipiki nyingi uwe 10 hadi 20 mm. Ukiupima kule karibu na bawaba ya mkono, uwazi ni kama 2 hadi 3 mm. Kitabu cha pikipiki yako kikisema vingine, fuata kitabu. Kisha shika ganda la kebo pale linapoingia kwenye skrubu ya kurekebishia, ulivute taratibu. Linapaswa kutoka kidogo na kurudi. Likigoma kabisa, umeshaupata ugonjwa, rudisha spana nyingine kwenye boksi.

Usimalizie hapo. Geuza usukani kushoto mpaka mwisho, upime, halafu kulia, upime tena. Kwenye pikipiki ya zamani kebo mara nyingi imeshabadilishwa na kupitishwa njia isiyo yake, chini ya tangi au upande usiofaa wa shingo ya fremu. Ukikata kona inavutwa. Mtu anakwambia klachi inateleza kwenye kona tu, na wenzake wanamwona anaota. Haoti.

Kurekebisha kuna utaratibu. Ingiza kwanza skrubu ya juu, ya kwenye mkono, karibu yote. Nenda chini kwenye injini, rekebisha pale mpaka ulegevu uwe karibu sawa, ndipo urudi juu kumalizia. Anayeanza juu anajikuta skrubu imetoka nje karibu yote, inaning'inia kwa uzi mmoja au miwili, na siku moja inakatikia barabarani. Baadhi ya pikipiki za zamani zina skrubu ya tatu, katikati ya klachi au chini ya kifuniko kidogo cha injini. Hiyo ndiyo ya kwanza kuliko zote: legeza kebo, fungua nati yake, ingiza skrubu polepole mpaka uhisi imegusa, irudishe kiasi ambacho kitabu kinasema, kwa nyingi ni kati ya robo na nusu mzunguko, kaza nati huku skrubu umeishikilia isizunguke.

Na wale wa kuweka washa, zile pete bapa za chuma, chini ya springi ili ziwe ngumu, nawasihi waache. Ndiyo, itashika wiki mbili tatu. Lakini mkono unakuwa mzito, kebo inakatika, kifimbo na beringi yake vinaumia, na springi zikibanwa kupita kiasi hata pleti haziachani vizuri. Springi imechoka? Pima urefu wake ikiwa nje, linganisha na kipimo cha kitabu, ikipungua nunua seti nzima.

Muda unakwenda, kwa hiyo oili nitaisema haraka. Klachi nyingi za pikipiki zinakaa ndani ya oili ya injini. Oili za magari, hasa zile nyepesi za kuokoa mafuta, nyingi zimetiwa dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tazameni kopo: tafuteni alama ya JASO MA au MA2, za kipimo cha Kijapani cha oili za pikipiki kilichoanza mwaka 1998. MB ni ya skuta ambazo klachi yake haiogi kwenye oili ya injini. Ukishatia oili isiyofaa, imwage, weka sahihi, endesha, mwaga tena. Mara nyingi klachi inarudi bila kufungua kitu.

Kabla ya kufungua, hakikisha ni klachi kweli. Weka gia ya juu, mwendo wa wastani, vuta resi. Injini ikilia juu na mwendo usipande, inateleza. Injini isipopanda nayo, nguvu haipo: angalia kabureta, chujio la hewa, kompresheni. Kwenye pikipiki za zamani ambazo kiki yake inapitia kwenye klachi, utaiona hata ikiwa imesimama, unakanyaga kiki inazama na injini haizunguki.

Ikibidi kufungua, pima unene wa kila pleti ya kitambaa kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, si kwa macho. Pleti za chuma zilaze juu ya kioo, upitishe fila geji, vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi, chini yake kuona kama zimepinda. Hii niliyoishika ina madoa ya bluu na kahawia kuzunguka ukingo: imeungua, haisuguliwi kwa msasa, inatupwa. Pleti mpya zilowekwe kwenye oili kabla ya kufungwa, na bolti za springi zikazwe kwa msalaba, kidogo kidogo, maana ni ndogo na zinakatika.

Klachi kavu, kama za BMW na Moto Guzzi za zamani, zina habari yake. Zikiteleza, tafuta kwanza sili inayovujisha oili kwenye pleti, ya injini au ya giaboksi. Ukiacha sili ile ile, pleti mpya zitalowa kama za mwanzo.

Kikapu cha klachi, kile kinachozishika pleti, kikishapata mikato ni habari nyingine ambayo sikuigusa. Nimeleta kimoja, kiko mezani pale, anayetaka aje akishike tuzungumze.