Bei ya Kazi ya Mkono: Mhadhara kwa Watengenezaji wa Mapambo wa Dar es Salaam

Ndugu washiriki, mama zangu, dada zangu na vijana mliofika, waandaaji wameniomba nizungumzie masoko ya mapambo ya mkono, nami nawashukuru kwa heshima hiyo. Hata hivyo, naomba ruhusa yenu nianze na bei, kwa sababu wengi wetu tunaotunga shanga, kuchonga pembe na kukunja waya katika jiji hili hatukosi wateja kwa kiasi tunachodhani. Tunachokosa ni ujira wa mikono yetu, na mtu akitafutiwa soko kubwa hali bei yake imekosewa, anatafutiwa hasara kubwa.

Tuchukue mfano wa kidani kimoja cha shanga ndogo, zile za namba 11 ambazo upana wake ni kama milimita 2. Tuseme shanga zimenunuliwa Kariakoo kwa shilingi 4,000, uzi na kifungio 1,500, na kifuko cha kumkabidhia mteja 500, jumla 6,000. Desturi iliyozoeleka ni kuzidisha malighafi mara mbili na kutaja bei ya 12,000, na anayefanya hivyo huamini kwamba amepata faida ya 6,000. Lakini kidani hicho kimemchukua saa 5, na bado hajatoa nauli ya daladala, umeme, bando la simu na sehemu ya pango, ambavyo kwa makadirio ya chini tuviweke 2,000. Kinachobaki ni 4,000, yaani shilingi 800 kwa saa, kwa kazi inayochosha macho na kuumiza mgongo.

Hali huwa mbaya zaidi mzigo unapopelekwa dukani kwa mali kauli, yaani duka linakulipa baada ya kuuza. Tuseme mwenye duka anakata asilimia 40 ya bei ile ile ya 12,000. Mtengenezaji anapokea 7,200, ilhali gharama zake, kabla hajajilipa hata senti moja, ni 8,000. Kila kidani kinachouzwa kinamtoa 800 mfukoni, na dazeni moja iliyomla saa 60 inamwachia hasara ya 9,600. Naomba tusimlaumu mwenye duka, kwa kuwa yeye amehesabu pango lake, mshahara wa msaidizi wake na kodi yake, na ana haki ya kufanya hivyo.

Nasi tuhesabu vivyo hivyo. Malighafi ni 6,000. Saa 5 kwa ujira wa 2,000 kila saa ni 10,000. Uendeshaji ni 2,000. Gharama yote ni 18,000. Juu yake tuongeze 4,000 ambazo si ujira bali ni faida ya biashara, fedha zitakazonunua shanga za mwezi ujao na koleo jipya la zamani likichakaa. Bei ya jumla, yaani kiasi unachopaswa kupokea kutoka dukani, basi ni 22,000, na katika duka linalokata asilimia 40 bei ya rejareja isipungue 37,000, ili makato yakishatoka usipate chini ya hizo 22,000. Bei hiyo ya rejareja ndiyo utakayoitaja hata unapouza mwenyewe kwa simu au kwenye banda la Sabasaba, maana duka likigundua kwamba unawauzia wateja wake kwa bei ya jumla, litakurudishia mali yako.

Najua wapo wanaojiuliza ni nani atakayetoa 37,000 kwa kidani. Wapo watakaotoa, ila si kwa kila kidani, na pale bei inapogoma ninashauri tupunguze saa za kazi badala ya kupunguza ujira. Shanga za namba 8 ni kubwa kuliko za namba 11, hivyo hujaza urefu ule ule kwa punje chache. Ukiweka katikati kipande cha mpingo au cha pembe ya ng'ombe kilichosuguliwa vizuri, kazi ya saa 5 inaweza kuwa ya saa 2, na mvaaji asione upungufu wowote. Mapambo ya kiwandani yanayojaa Kariakoo hatutayashinda kwa bei, na kwa maoni yangu tusijaribu kabisa.

Tutayashinda kwa umaliziaji. Chukua hereni yoyote uigeuze, utazame kulabu. Waya uliokatwa kwa koleo huacha ncha kali ambayo lazima isuguliwe kwa tupa ndogo au msasa laini mpaka kidole kisihisi kitu. Kulabu zenye nikeli huwasha masikio ya watu wenye mzio, na mteja aliyewashwa hanunui tena. Fedha ya 925, ambayo sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi, ni salama zaidi kwa wengi wao. Uzi wa nailoni nao huteleza, kwa hiyo fundo lake lisikatwe karibu. Mkia wake urudishwe ndani ya shanga kadhaa, ufungwe tena, ndipo ukatwe.

Wanaotamani tanzanaiti wakumbuke kwamba biashara ya madini ya vito ina leseni zake chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Jiwe hilo la Mererani lina ugumu wa kati ya 6 na 7 katika kipimo cha Mohs, ambacho mwisho wake ni 10, na halivumilii joto la ghafla, hivyo linafaa zaidi kwa hereni na kidani kuliko pete ya kuvaliwa kila siku, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa. Pembe za ndovu na magamba ya ng'amba, yule kasa wa baharini, tusiyaguse, hata mteja akibembeleza namna gani.

Nirudi kwenye mali kauli, kwa kuwa ndiko tunakoumia wengi. Usiache mzigo dukani bila karatasi yenye idadi, bei, asilimia, siku ya malipo na jina la atakayebeba hasara ya kitu kilichopotea au kuvunjika, kisha pande zote mbili zitie saini. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, wakala wa usajili wa biashara, namba ya mlipakodi ichukuliwe TRA, mamlaka ya mapato, na leseni ikatwe halmashauri. Mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hutolewa zaidi kwa vikundi, na kikundi kinachokwenda kuomba na daftari la saa na gharama za kila bidhaa kinajua mapema kitalipaje. Sasa naomba tupokee maswali, tuanze na wale ambao mali yao iko madukani wiki hii.