Wali wa nazi wa punje mojamoja

Karibuni jikoni kwangu, hapa Temeke. Leo tunapika wali wa nazi, na nakuomba usiruke mwanzo wa video ukakimbilia sufuriani, maana wali mwingi unaharibikia sokoni, kabla hata moto haujawashwa.

Huu ni mchele wa Kyela, nimeununua Tandale. Tazama punje: ndefu, zinang'aa, chenga chache. Chukua kidogo kiganjani, upulizie pumzi ya joto, unuse. Wenye harufu utaujua hapohapo. Mwaka jana muuzaji mmoja aliniapia kwamba wake ni Kyela mtupu, kumbe kachanganya. Nikapika, nikapata bokoboko mbele ya wageni. Iliniuma. Siku hizi nanusa kwanza, natafuna punje, ndipo natoa hela. Muulize pia kama ni wa mavuno mapya. Mchele mpya haunywi maji mengi, ukiupimia kama wa zamani utashikana.

Haya, vikombe viwili vya mchele, nazi moja kubwa iliyokomaa, chumvi. Peta kwenye ungo, chambua mawe na ule mpunga uliopona mashineni na ganda lake. Osha mara tatu kwa mkono mwepesi, usisugue, punje zitakatika. Yale maji meupe ni wanga uliojipaka juu ya punje, na ndio unaozigandisha. Chuja, weka kando.

Sasa ikune nazi. Mbuzi ikianza kugusa ile ngozi ya kahawia karibu na kifuu, acha, usije ukachafua tui. Tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua, chuja: hilo ni tui zito. Lifunike. Machicha yaleyale yatilie vikombe viwili na nusu vya maji, kamua tena upate tui jepesi. Kama mchele wako ni mpya, hapa punguza nusu kikombe.

Wengi mnaniuliza kwa nini nisichanganye tui lote tangu mwanzo. Tui zito likichemka sana linakatika, mafuta yanajitenga, na ule utamu wa nazi mbichi unapotea. Kwa hiyo tui jepesi ndilo linaloivisha wali. Tui zito linaingia mwishoni, kwa ajili ya ladha.

Bandika tui jepesi na chumvi, koroga bila kuacha mpaka lichemke. Mimina mchele, geuza mara moja, funika, punguza moto. Hiliki sitii, mchele wenye harufu yake unatosha. Maji yakikaribia kukauka, ukaona vitundu juu ya wali, zungushia tui zito. Geuza taratibu kwa mwiko kutoka pembeni kwenda katikati, kisha funika.

Sasa toa mkaa chini, bakiza kidogo, mwingine palia juu ya mfuniko wa bati. Wa gesi, weka moto wa chini kabisa. Dakika kumi na tano, na usifunuefunue.

Tukisubiri, niwaambie ninachokipenda. Shambani ni mpunga, ukikobolewa ni mchele, ukiiva ni wali, na ukifika kwenye sufuria la shughuli, hapa Dar unakuwa ubwabwa. Kijana akichelewa kuoa, mtaa mzima unamuuliza, "Ubwabwa tunakula lini?" Hakuna anayetaja harusi, na kila mtu ameelewa.

Funua. Unaona? Punje mojamoja, na harufu imefika kwa jirani. Pakua na maharage ya nazi au samaki wa mchuzi.

Ukoko usiukwangue sufuria ikiwa bado ya moto. Itue juu ya kitambaa kibichi kwa dakika tano, uache mvuke uulainishe, kisha pitisha mwiko pembeni. Utaachia wenyewe, mzima kama chapati. Wagawie watoto sawasawa, wasigombane.