Dorkasi Naye Alikuwa na Mwili

MAMA NEEMA: Karibuni tena katika kipindi chetu kinachowajia kutoka hapa Kisumu. Leo tunauzungumzia mwili wa mwanamke wa kanisa, na ningependa tuanzie Yafa, kwa Dorkasi, kwa kuwa akina mama wengi wanaotusikiliza ni wa chama cha akina mama wa Kiadventista kinachobeba jina lake.

ATIENO: Katika Matendo sura ya 9 tunasoma kwamba alijaa matendo mema na sadaka, na kwamba wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea.

MAMA NEEMA: Sasa angalia mwili wake mwenyewe unatajwa wapi. Ni mstari wa 37: aliugua, akafa, wakamwosha, wakamweka orofani. Sidai kwamba Luka alikusudia kutufundisha habari za uchovu, na wahubiri waniwie radhi, lakini nikifika hapo huwakumbuka akina mama ninaowafahamu, ambao wamepika matangani, wamewageuza wagonjwa vitandani na kuwafulia wakwe wazee, na ambao miili yao haikuangaliwa na mtu kwa makini mpaka siku ya kuoshwa.

ATIENO: Nami ningeongeza kwamba hata tunapojiangalia, mara nyingi tunatafuta kasoro. Mwezi wa Julai nilikuwa kwa fundi wa cherehani upande wa Kibuye, wakati sare za makambi, ile mikutano ya kanisa letu ya Agosti, zinaposhonwa usiku na mchana. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alipozungushiwa tepu kiunoni alilivuta tumbo ndani, akabana pumzi, kisha akamwomba fundi aandike kipimo cha mwaka uliopita, akieleza kwamba angefunga na kuomba hadi Agosti na kiuno kingerudi. Fundi aliandika alivyoambiwa, ila nilimwona akiacha kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni.

MAMA NEEMA: Huyo fundi ana hekima kuliko wengi wetu! Mfungo ni ibada, na kuutumia ili zipu ipande ni kuuondoa mahali pake, tena kwa mama anayenyonyesha, ambaye anahitaji chakula na maji zaidi ya kawaida. Lakini tusimlaumu yeye peke yake, kwa sababu huku kwetu midomo ya watu hailali. Ukinenepa unaambiwa ndoa imekukubali. Ukikonda wanaanza kunong'ona, maana UKIMWI ulipoivamia Nyanza uliwafundisha watu kuuogopa wembamba. Binti naye, ambaye macho yake yako kwenye simu kutwa, anautamani wembamba uleule unaomtia mama yake hofu.

ATIENO: Yuko msikilizaji atakayesema kwamba tunalegeza mambo, Mama, kwa sababu Paulo aliandika katika 1 Wakorintho 9:27 kwamba anautesa mwili wake na kuutumikisha.

MAMA NEEMA: Naye arudi nyuma mistari michache, aone kwamba Paulo anamzungumzia mtu anayeshindana mbio, na sisi Wakenya tunapaswa kuuelewa mfano huo kuliko wengi. Mwanariadha wa Iten anajinyima mengi na kuamka kabla ya jua, lakini anakula ugali wake akashiba, anarudi kulala mchana, na akiumia mguu anatibiwa, kwa kuwa bila mwili huo hakuna mbio. Paulo huyohuyo alimwandikia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Sisi Waadventista, tusiotumia pombe, tuna maelezo yetu kuhusu mvinyo huo, lakini hakuna anayekana kwamba mtume alilijali tumbo la kijana wake. Na katika Waefeso 5:29 anasema kwamba mtu huulisha mwili wake na kuutunza, tena analitaja kama jambo lisilohitaji mjadala.

ATIENO: Basi niseme ninaloliona mimi. Tumefanya kuukubali mwili kuwa suala la kujipenda kwenye kioo, na mwanamke asiyejipenda anadhani hajafika mahali pa kujitunza, ilhali unaweza kuwa bado una kinyongo na tumbo lako na ukalipeleka kliniki vilevile. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi nchini, na karibu kila mara chanzo chake ni virusi vya HPV, ambavyo huchukua miaka mingi kabla ya kuleta saratani. Katika miaka hiyo mabadiliko yanaweza kuonekana na kutibiwa. Nesi anaweza kupaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi, na sehemu iliyobadilika hugeuka nyeupe. Shughuli yenyewe ni ya dakika chache. Mwanamke anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko katika hatari kubwa zaidi, hivyo asingoje.

MAMA NEEMA: Wengi hawaogopi siki. Wanaogopa kuvua nguo mbele ya mtu, kwa sababu tangu utotoni tumefundishwa kwamba haya ndiyo heshima ya mwanamke.

ATIENO: Unaweza kuomba uhudumiwe na nesi wa kike, na katika baadhi ya vituo unapewa kifaa ujichukulie sampuli ya HPV mwenyewe ukiwa faraghani. Kwa mabinti, chanjo ya HPV ilianza kutolewa na serikali mwaka 2019 kwa wenye umri wa miaka 10. Mimi ningependa mambo haya yatangazwe Sabato asubuhi, kanisa zima likisikia, wanaume wakiwemo.

MAMA NEEMA: Hapo hatukubaliani. Ukiyatangaza mbele ya wakwe na wazee, nusu ya akina mama watainamisha macho wasisikie neno. Tuanze katika kikao cha Dorkasi, alasiri, milango ikiwa imefungwa na nesi akiwa ndani.

ATIENO: Na mume atakayekataa kutoa nauli ataambiwa na nani?

MAMA NEEMA: Huyo niachie mimi na mzee wa kanisa.