Nchi Isiyokuwa na Dini, Watu Wenye Dini

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Mmeitikia zote mbili, nami naanzia hapo.

Jana hapa Mikindani mzee mmoja aliniuliza: "Mwanangu, Katiba inasema nchi yetu haina dini. Ina maana sisi ni makafiri?" Nimelala na swali lake. Ibara ya 3 inasema kweli kwamba Jamhuri ni nchi "isiyokuwa na dini". Lakini ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani na ibada. Isiyo na dini ni dola, mzee wangu. Wewe unayo yako.

Nchi ya namna hiyo huitwa pia sekulari. Neno hilo asili yake ni Kilatini, saeculum, yaani zama, au dunia hii. Katika mazungumzo ya amani ya Westphalia, huko Ujerumani, yaliyokamilika mwaka 1648 na kumaliza vita vya muda mrefu Ulaya, kusekularisha kulikuwa kutoa ardhi na mali mikononi mwa kanisa na kuzikabidhi kwa watawala. Ugomvi ulikuwa wa nani ashike funguo. Baadaye sana wanazuoni wakadai kwamba viwanda na sayansi vikizidi, dini itafifia. Mwanasosholojia Peter Berger alikuwa miongoni mwao, na mwaka 1999 akakiri waziwazi kwamba walikosea. Ulaya Magharibi waumini wamepungua kweli. Kwetu ukichelewa Ijumaa unaswali nje, juani.

Sasa twendeni ghalani, msimu wa korosho. Kikao cha chama cha msingi, ule ushirika wetu wa wakulima, kinafunguliwa kwa dua ya shekhe na sala ya katekista, wote tunaitikia amina. Kisha gunia linapanda mzanini. Karani anainama, anasoma kilo, anaandika. Haulizi mwenye gunia anasali wapi. Akiuliza, hata kwa nia njema, mkulima mmoja ataanza kuutilia shaka ule mzani, na hatauamini tena. Hicho ndicho ninachokitetea: mzani usiojua dini, mikononi mwa watu wanaomcha Mungu.

Wanaotaka dini ijifungie ndani siwaungi mkono. Hospitali ya Ndanda ilianzishwa na watawa wa Kikatoliki, Wabenediktini, na inatibu Waislamu kwa Wakristo. Shekhe au padri akikemea dhuluma, ana haki hiyo kama raia yeyote. Asichoweza ni kuigeuza fatwa au waraka wake kuwa sheria ya jirani.

Adhana ya alasiri hiyo. Wanaokwenda kuswali waende. Maswali tutayapokea wakirudi.