Dawa ya kitunguu saumu ya kukinga chule kwenye parachichi

Kamwene wakulima wenzangu! Niko shambani kwangu Njombe, saa kumi jioni, jua limepungua. Haya madoa meusi kwenye tunda… sogeza kamera mwanangu, karibu zaidi… hayo ndiyo chule. Ni ukungu, na mbegu zake hurushwa na matone ya mvua kutoka kwenye vijiti vikavu na matunda yaliyooza. Kupogoa vijiti hivyo na kuokota matunda hayo nilimaliza jana, hilo sitalionyesha.

Chukua vitunguu saumu robo kilo kwa maji lita 10. Mimi napenda vile vidogo vya Mbulu, ukivimenya tu macho yanawasha. Tia kwenye kinu, twanga mpaka viwe rojo.

Sasa hapa sikilizeni. Acha. Usitie maji bado! Vikae kinuni dakika 10. Kinachopambana na ukungu ni alisini, na alisini haimo kwenye punje nzima. Inatengenezwa punje ikipondwa, kimeng'enya chake, yaani kichocheo cha kemikali, kikakutana na kemikali nyingine iliyokuwa imetengwa nacho. Na maji yawe baridi. Msimu mmoja nilichemsha, nikiamini moto utakamua nguvu zaidi. Moto unakiua kimeng'enya. Nilipiga miti 40 siku nzima, chule ikaendelea, na matunda niliyomwahidi mnunuzi yakakataliwa. Kwa hiyo maji baridi jamani, baridi, hata vuguvugu sitaki.

Dakika zimeisha, tia maji, koroga. Sabuni ya maji kijiko kimoja cha chai, maana jani la parachichi lina nta, maji matupu yanateleza. Usizidishe, sabuni nyingi inaunguza majani. Chuja, mimina kwenye bomba, vaa mgongoni, twende…

Ngoja. Haitoki. Nozeli imeziba, mnaona? Nilichuja mara moja tu. Fungua, suuza kwa maji, usipulize kwa mdomo. Haya, narudia kuchuja, safari hii kanga naikunja mara mbili. Imetoka! Angalia inavyotoka kama umande.

Kama ni mara yako ya kwanza, piga tawi moja, uangalie siku 2. Majani yakiungua, ongeza maji. Lowesha tunda lote na chini ya majani. Nyuki wakiwa kwenye maua siingii na bomba kabisa, parachichi bila nyuki halizai vizuri.

Dawa hii inakinga, tunda lililokwisha kupata doa haliponi. Alisini haikai: tengeneza leo, maliza leo, na mvua ikinyesha rudia. Ndugu zangu wa Rungwe, kwa mvua zenu mtarudia sana. Shamba likishambuliwa vibaya, muoneni bwana shamba. Mimi mwenyewe dawa ya ukungu ya kopa, yaani ya shaba, bado ninayo stoo kwa miaka mibaya, ila naipenda hii kwa sababu wanangu wanachuma na kula humu humu.

Mwanangu, leta maji tusuuze bomba. Wanaotaka miche ya parachichi aina ya Hass iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa, ile pale nyuma yangu, chini ya kivuli.