Nyonga Inayouma: Tumwulize Mgonjwa au Tumtazame?

Ndugu zangu, kabla sijaanza naomba msimame. Kunjeni mikono kifuani, mketi, msimame tena. Mara tano. Haya, ahsanteni, ketini.

Mmefanya hivyo bila hata kuwaza. Mtu ambaye gegedu la nyonga yake, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kiungoni, limelika huwaza kila mara anapoinuka kitini, na ndiyo maana nimeanzia hapo. Eksirei itatuonyesha nafasi iliyopungua ndani ya kiungo na vijifupa vilivyochomoza ukingoni. Haitatuambia kama mwenye nyonga hiyo anaweza kuvaa soksi. Wapo wenye picha mbaya wanaopanda ngazi, na wapo wenye picha ya wastani wanaoshindwa.

Kwa hiyo tunamwuliza. Hojaji ya WOMAC ina maswali 24, na 17 kati yake yanahusu shughuli: kushuka ngazi, kuinuka, kuingia garini. HOOS, hojaji nyingine ya nyonga, ina maswali 40, na ile fupi, HOOS-PS, ina matano tu.

Tena tunamtazama. Mwaka 2013 OARSI, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa maradhi ya kulika kwa gegedu za viungo, ilipendekeza vipimo vitano: kuinuka kitini kwa sekunde 30, kutembea haraka mita 40, kupanda ngazi, kuinuka na kwenda mita 3 kisha kurudi kuketi, na kutembea dakika 6. Vitatu vya kwanza ndivyo vya msingi.

Sasa, mara nyingi majibu ya hojaji na ya saa tunayopimia vipimo hivi hayakubaliani, na wengi wetu hukimbilia kusema kimojawapo kimekosea. Mimi sikubali. Ukimwuliza mtu "unapata ugumu kiasi gani kupanda ngazi?", anakujibu pamoja na maumivu yake, hofu yake, na namna alivyozoea kushika ukuta. Saa haijui maumivu, inahesabu sekunde. Tazameni wiki za mwanzo baada ya kubadilishiwa nyonga. Maumivu ya zamani yamekwisha, mgonjwa anajaza hojaji kwa furaha, alama zinaboreka. Mpime sasa: huenda anatembea polepole kuliko kabla ya upasuaji, kwa sababu misuli bado dhaifu. Ukitegemea hojaji peke yake, utamwachia mapema mtu ambaye bado anahitaji mazoezi. Ukitegemea saa peke yake, utamwambia hajapona mtu ambaye usiku uliopita amelala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Nawasihi, msimnyime mgonjwa mojawapo.

Kuhusu kiti, maana hapo ndipo tunapoharibu. Kiwe na urefu wa takriban sentimita 43, na kiwe kilekile kila mara. Kiti kikiwa kirefu kidogo, mgonjwa "amepata nafuu" bila kupata nafuu. Andikeni pia kama alitumia mkongojo, na viatu alivyovaa. Mabadiliko madogo kati ya vipimo viwili yanaweza kuwa kosa la upimaji tu.

Na akishindwa kuinuka hata mara moja bila mikono? Nimeona wenzetu wakiacha nafasi tupu kwa huruma. Andikeni sifuri. Kisha mruhusuni atumie mikono, mhesabu, na muandike pembeni kwamba kipimo kimerekebishwa. Wiki sita baadaye, akiinuka mara mbili mikono ikiwa kifuani, sifuri ile ndiyo itakayomwonyesha alikotoka.