Jogoo Yuko Kwenye Skrini, Nenosiri Liko Wapi?

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tumepanga mambo matatu: mandhari za GRUB, programu inayoanzisha Linux, picha zinazokatwa pembeni, na kadi za picha za NVIDIA zinazobaki giza wakati mashine inawaka. Lakini Juma ameingia hapa na macho mekundu.

JUMA: Nimekesha, Zuhura. Wasikilizaji wanamjua jogoo wangu.

ZUHURA: Nani asiyemjua! Anayepiga mabawa kila ukiwasha kompyuta, mandhari yako ya Plymouth, programu ya Linux inayoonyesha picha mashine inapowaka.

JUMA: Huyo huyo. Wiki hii nimesimba diski nzima kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kufunga diski kwa nenosiri. Nikawasha, jogoo akatokea, akapiga mabawa, akaendelea kupiga mabawa, na hakuna zaidi. Mashine haisongi mbele, hairudi nyuma.

ZUHURA: Jogoo la shamba haliwiki mjini.

JUMA: Msimseme jogoo, hana hatia! Mashine haikukwama hata kidogo, ilikuwa inaningoja mimi. Plymouth kazi yake si picha tu, ndiyo pia inayokuuliza nenosiri la diski. Sasa, mandhari za aina ya script, yaani zilizoandikwa kama programu ndogo, zinataka aliyeziandika aeleze mwenyewe kisanduku cha nenosiri kichorweje. Kuna kipengele kinaitwa Plymouth.SetDisplayPasswordFunction. Hii niliyoipakua hainacho. Kwa hiyo swali linaulizwa, ila halichorwi popote.

ZUHURA: Na mtu ambaye diski yake haijasimbwa atatumia mandhari hiyo miaka asigundue.

JUMA: Kabisa.

ZUHURA: Ukaingiaje?

JUMA: Esc. Jogoo akaondoka, maandishi yakaja, na chini kabisa ombi la nenosiri.

ZUHURA: Na anayetusikiliza sasa hivi akiwa amekwama hapo, ajue hata Esc si lazima. Andika nenosiri bila kuliona, bonyeza Enter. Plymouth inapokea herufi zako hata kama hakuna kisanduku.

JUMA: Basi nikafungua faili la script ndani ya /usr/share/plymouth/themes, nikaongeza kipengele hicho. Nikawasha upya. Jogoo yule yule, kisanduku hakuna.

ZUHURA: initramfs.

JUMA: Asante! Nilitaka nilieleze taratibu, maana hapa ndipo watu wanapokata tamaa. Plymouth inaanza kabla diski kuu haijafunguliwa. Inasoma nakala ya mandhari iliyofungashwa ndani ya initramfs, kifurushi kidogo cha mfumo kinachopakiwa kwanza, wala haisomi lile faili ulilolihariri. Ukibadilisha chochote, hata rangi moja, fungasha upya. Amri inategemea aina ya Linux: Debian na Ubuntu ni update-initramfs -u. Fedora ni dracut -f. Arch ni mkinitcpio -P.

ZUHURA: Na jogoo?

JUMA: Sasa anapiga mabawa juu ya kisanduku cha nenosiri. Anapendeza, nitakutumia picha.

ZUHURA: Nitumie. Ila kabla ya kuwasha upya kila mara, jaribu kwanza. Nenda kwenye konsoli ya maandishi, Ctrl+Alt+F3, ukiwa na mamlaka ya root, yaani msimamizi wa mashine. Anzisha plymouthd, kisha plymouth --show-splash, kisha plymouth ask-for-password. Kisanduku kikitokea, umepona. Unamaliza na plymouth quit.

JUMA: Hiyo ingeniokolea usiku wangu.

ZUHURA: Lakini Juma, ngoja. Kama ungeondoa neno splash, linalowasha picha hizi, kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, mstari wa mipangilio ya GRUB, ungeona ombi la nenosiri tangu mwanzo. Mimi kwangu nimeliondoa, na quiet pia, lile linaloficha ujumbe wa mashine. Mashine iseme inachofanya.

JUMA: Hapo hatutakubaliana. Mtu wa kawaida anaona mistari inakimbia, anadhani imeharibika, anachomoa umeme katikati ya fsck, ukaguzi wa diski. Hapo ndipo data inapopotea.

ZUHURA: Akiona jogoo anapiga mabawa muda wote huo hatachomoa?

JUMA: Mandhari nzuri inamwambia diski inakaguliwa. Ipo SetMessageFunction kwa kazi hiyo.

ZUHURA: Unamtegemea tena aliyeandika mandhari! Yule yule aliyesahau nenosiri.

JUMA: Namtegemea, na akikosea tunarekebisha. Plymouth imekuwa kwenye Fedora tangu toleo la 10, mwaka 2008, ili kompyuta iwake bila skrini kupepesa na kuruka-ruka. Watu wamelifanyia kazi jambo hilo kwa heshima. Mashine ninayokaa nayo kila siku, nataka inikaribishe.

ZUHURA: Mimi nataka iniambie ukweli.

JUMA: Picha si uongo, Zuhura.

ZUHURA: Ikificha swali ninaloulizwa, kwangu haina tofauti na uongo.

JUMA: Sikubali.

ZUHURA: Wala mimi. Na sasa naangalia saa, zimebaki dakika mbili, GRUB hatujaigusa.

JUMA: Picha zinazokatwa je?

ZUHURA: Sema upesi.

JUMA: Usiweke ukubwa wa skrini kwa namba. Uliza Window.GetWidth() na Window.GetHeight(), halafu badilisha ukubwa wa picha kwa Scale kulingana na majibu hayo. La NVIDIA linataka kipindi chake lenyewe.

ZUHURA: Kwa leo, mwenye giza aangalie kama nvidia-drm.modeset=1 ipo kwenye mstari wa kerneli, ule ule wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, asisahau kuendesha update-grub. GRUB_THEME, mpangilio wa mandhari ya GRUB, tutaanza nayo wiki ijayo.

JUMA: Na jogoo.

ZUHURA: GRUB kwanza, Juma. Kwaherini.